Ponsian Aacha Gemu

Gaudensia aliamka akiwa amechoka. Alichota maji, akawasha moto, akapika uji. Alimwogesha mama mkwe wake kwa kitambaa, akamlisha uji kijiko kimoja kimoja. Alimwandaa mtoto wake Imma, akamwacha aende shule. Kisha akajitwisha beseni la dagaa na kwenda sokoni.

Dagaa hao walitoka Ikola, kule ziwani. Watu waliwaleta Mpanda mjini kwa gari, Gaudensia akawanunua na kuwauza kwa vikopo. Biashara hiyo ndiyo iliyowalisha wote.

Mumewe, Ponsian, alibaki nyumbani kwao Misunkumilo kumtunza mama yake. Mama huyo aliitwa Bibi Katarina. Mwaka uliopita alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ukagoma, na mguu wa kulia pia. Kusema aliweza, lakini maneno yalitoka moja moja, kwa shida. Mtu akitaka kumsikia, ilibidi angoje.

Zamani Ponsian alikuwa fundi seremala. Alitengeneza vitanda, milango na makabati katika karakana moja mjini. Mwenye karakana akafunga kazi na kurudi kwao Tabora. Haukupita muda, mama akaugua. Mume na mke wakakaa chini, wakazungumza.

"Wewe una biashara," Ponsian alisema. "Mimi sina kazi. Nitakaa na mama."

Ulikuwa uamuzi mzuri. Lakini hakujua jinsi siku inavyokuwa ndefu ukiwa na mgonjwa. Rafiki zake waliacha kuja. Wengine walimtania njiani, wakamwita mama wa nyumbani. Alicheka nao, lakini rohoni aliumia. Akarudi ndani, akakaa, akasikiliza mama yake anavyopumua.

Hapo ndipo alipoanza gemu.

Ilikuwa gemu ya mpira ya kwenye simu. Mwanzoni alicheza mama akiwa amelala tu. Baadaye akajiunga na timu. Wenzake walikuwa Mwanza, Mbeya, hata Bujumbura. Hakuwahi kuwaona kwa macho. Walisikilizana kwa simu, na walimsifu.

"Kapteni, umetisha!"

"Kapteni, bila wewe tumekwisha!"

Hakuna mtu mwingine aliyemsifu siku hizo. Kwa hiyo alicheza asubuhi, alicheza mchana, alicheza ugali ukiungua jikoni. Mechi ya watu wengi haisimami. Ukiiacha katikati, timu yako inafungwa na wenzako wanakutukana. Kwa sababu hiyo mama alipoita, Ponsian alijibu bila kuinua macho.

"Po... Po..."

"Nakuja, mama. Bado kidogo."

Mama alingoja. Mara nyingi alingoja mpaka akasinzia.

Siku moja ya mvua, soko lilijaa maji. Gaudensia alifunika dagaa wake kwa nailoni na kurudi mapema. Alimkuta mumewe barazani, kainama juu ya simu. Mlangoni alisikia harufu. Aliweka beseni chini, akaingia chumbani.

Shuka la Bibi Katarina lilikuwa limelowa. Gaudensia akamshika begani na kiunoni, akamgeuza taratibu. Bibi akakunja uso kwa maumivu. Chini ya mgongo, juu kidogo ya makalio, ngozi ilikuwa imefunguka. Palikuwa na kidonda kibichi.

"Baba Imma!" Gaudensia aliita. "Njoo."

"Subiri, tunamalizia."

"Njoo sasa hivi."

Ponsian aliingia na simu mkononi. Aliona kidonda. Akasimama palepale.

"Umemgeuza saa ngapi?" mkewe aliuliza.

"Asubuhi."

"Asubuhi nilimgeuza mimi, kabla sijaenda sokoni."

Kutoka kwenye simu, sauti ya kijana fulani ilipiga kelele: "Kapteni! Uko wapi, Kapteni? Tunafungwa!"

Gaudensia hakugombana. Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, nguo zake zikiwa bado na maji ya mvua.

"Sina nguvu ya kugombana na wewe," alisema. "Natoka hapa nimechoka, nafika huko nachoka, narudi nimechoka. Kitu kimoja tu nilikuwa sikifikirii nikiwa sokoni. Nilijua mama yuko na mwanaye."

Ponsian alizima simu. Alileta maji ya uvuguvugu na shuka safi. Walimsafisha mama pamoja.

Kesho yake asubuhi alikuja Mwanaiddi. Huyu alikuwa mhudumu wa afya wa mtaa wao. Alikuwa mama mtu mzima, mwembamba, anayetembea haraka hata penye matope. Gaudensia ndiye aliyempigia simu.

"Hodi hapa!"

"Karibu, dada Mwanaiddi."

"Shikamoo, Bibi Katarina."

"Ma... raha... ba," Bibi alijibu.

Mwanaiddi alinawa mikono kwa sabuni. Akamwangalia mgonjwa kuanzia visigino, magoti, nyonga, mgongo, mpaka nyuma ya kichwa.

"Hiki ni kidonda cha kulalia," alisema. "Mtu asiyeweza kujigeuza, uzito wake wote unabana sehemu moja. Damu haipiti vizuri. Ngozi inakosa chakula, inakufa, inafunguka. Mkojo ukiiloweka, inaharibika haraka zaidi."

"Sisi hatukuona wekundu wowote," alisema Gaudensia.

"Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Angalia penye weusi uliozidi. Gusa. Ukisikia pana joto au pamekuwa pagumu, hapo ngozi imeanza kuumia. Msipasugue wala msipakande. Mpeni nafasi, asilalie hapo. Na mgonjwa aliye kitandani ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi. Upande huu, kisha mgongo, kisha upande ule. Kwa sasa mgongo tuuache kwanza, kwa sababu ndipo penye kidonda."

"Na dawa?" Ponsian aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusema. "Watu wanasema tuweke majivu, au dawa ya meno."

"Msiweke chochote cha kubahatisha. Leo hii tumpeleke kituo cha afya. Wataosha kidonda, watamfunga, na watawaonyesha namna ya kumhudumia. Kidonda kikinuka, kikitoa usaha, au akipata homa, msingoje hata kidogo. Na ale vizuri. Mayai, maharage, hao dagaa wenu. Nyama ya mwili haijengwi na uji mtupu."

Walimpeleka kwa bajaji. Muuguzi aliosha kidonda na kuwafundisha. Bibi Katarina alishika kidole cha mwanaye muda wote, akakibana kila dawa ilipouma.

Waliporudi, Mwanaiddi hakuondoka. Alimvuta Ponsian barazani.

"Mdogo wangu, kidonda nimekiona. Sasa niambie kilitokeaje. Wewe si mtu mkatili."

Ponsian aliangalia miguu yake. Alieleza yote. Alieleza habari za timu, na za kuitwa kapteni.

"Nikianza najiambia mechi moja," alisema. "Nikija kushtuka, jua limegeuka. Najichukia. Nikijichukia, nacheza tena ili nisahau."

"Hilo la mwisho ndilo linalowafunga wengi," alisema Mwanaiddi. "Kwanza elewa hivi. Gemu kama hiyo imetengenezwa isiishe. Ukishinda, inakupa zawadi ndogo. Usipoingia leo, unakosa zawadi ya leo. Rafiki zako wanakungoja humo. Kila kitu kimepangwa ili usitoke. Kwa hiyo usiseme wewe ni mjinga. Lakini pia usiseme huwezi."

"Kwani kucheza ni dhambi?"

"Hapana. Mtu akicheza kidogo, akaweka simu chini, akaendelea na kazi zake, hana shida. Shida ni pale ambapo umejaribu kupunguza ukashindwa. Unaficha. Unakasirika ukizuiwa. Watu wako wanaumia na bado unacheza. Hapo mchezo ndio unaokuchezesha."

Ponsian akatikisa kichwa kukubali.

"Wewe kupunguza umeshindwa," Mwanaiddi aliendelea. "Bora uache kabisa. Waage wenzako, ufute gemu, umwambie mkeo kwamba umefuta. Siku za kwanza zitakuwa mbaya. Utakosa raha, utakuwa mkali, usingizi utasumbua. Itapungua. Ikizidi, au ukiona maisha hayana maana, niambie twende kumwona mtaalamu kituoni. Hakuna aibu."

Ponsian aliandika ujumbe mfupi kwa timu yake: "Mama anaumwa. Naacha. Msiningoje." Akafuta gemu Mwanaiddi akiona.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Ponsian alimgeuza mama kwa wakati. Alimlisha. Alifua mashuka. Lakini kati ya kazi moja na nyingine palikuwa na nafasi tupu, na ndani ya nafasi hiyo vidole vyake vilimwasha. Alichukua simu, akaiweka. Akaichukua tena. Alimfokea Imma kwa kuangusha kikombe. Alimjibu mkewe vibaya kwa sababu ya chumvi. Mvua ilinyesha, na nyumba ilionekana ndogo.

Mchana mmoja alishindwa. Alienda nyuma ya nyumba, penye choo, akairudisha gemu kwenye simu. Alicheza akiwa amesimama. Timu yake ilikuwa na kapteni mwingine. Hakuna aliyemuuliza mama anaendeleaje. Hata hivyo alicheza mpaka chaji ya simu ikaisha.

Jioni Gaudensia aliporudi, Ponsian alimfuata jikoni. Mkewe alikuwa anachambua majani ya mlenda.

"Mama Imma, nimeirudisha."

Mikono ya Gaudensia ilisimama. "Mama umemgeuza?"

"Nimechelewa. Lakini nimemgeuza. Penye kidonda pako salama, nimepaangalia."

"Kwa nini unaniambia? Nisingejua."

"Ndiyo maana nakuambia. Nikificha, nitarudi kule kule."

Gaudensia alirudi kwenye majani yake. Alikuwa na hasira. Alikuwa pia amechoka mno kuishika hasira hiyo. Mwishoni alisukuma kigoda kwa mguu.

"Kaa. Tuchambue."

Walichambua mlenda pamoja. Kisha Ponsian akampa mkewe simu yake kubwa amtunzie. Akabaki na simu ndogo ya vitufe, ya kupiga na kupokea tu.

Mwanaiddi alipopita kuangalia kidonda, wakamweleza. Hakushangaa.

"Wengi wanarudi mara moja au zaidi kabla hawajaacha kweli," alisema. "Usihesabu kwamba umeanza upya. Jiulize ilikushika wakati gani."

"Mchana," alisema Ponsian. "Mama akishakula. Kumekuwa kimya. Sina la kufanya, na siwezi kutoka."

"Basi umeondoa gemu, ukaacha shimo. Shimo halikai tupu. Gemu ilikuwa inakupa nini?"

Ponsian alifikiri. "Nilikuwa najua kufanya kitu. Na watu walikuwa wanaona."

"Kabla ya gemu ulikuwa unajua kufanya nini?"

Ponsian aligeuka kuangalia pembe ya chumba. Sanduku lake la vyombo vya useremala lilikuwa pale, limefunikwa na gunia.

"Mama yako anahitaji kukaa," Mwanaiddi alisema. "Akilala muda wote, mapafu yanachoka na ngozi inachoka. Kiti cha plastiki kitamwangusha. Anataka kiti kipana, chenye mikono ya kuegemea na mahali pa kuweka miguu, na mto laini wa kukalia. Akae muda mfupi mfupi, na hapo kitini pia mumsogeze. Kiti kama hicho huku mtaani hakiuzwi."

Kesho yake Ponsian alimpigia Manyanda. Huyu walifanya kazi pamoja karakanani, na sasa alikuwa na banda lake mwenyewe. Manyanda alileta mabaki ya mbao za mninga kwa pikipiki.

"Nilidhani umeshasahau kazi," alisema Manyanda.

"Na mimi nilidhani hivyo."

Ponsian alipanga mbao barazani, mbele ya mlango wa chumba cha mama, ili amwone na mama amwone. Siku ya kwanza mikono ilikuwa migumu. Alikata mguu mmoja wa kiti ukawa mfupi, akaanza upya. Randa ya kulainishia mbao ilimchubua kiganja. Mvua ikaja, akaingiza mbao ndani. Mara kwa mara alitaka ile raha ya haraka, ile ya kufunga goli. Mbao haikumpa. Ilimpa kitu kidogo kilichokaa. Jioni aliacha mguu wa kiti umelainika, na asubuhi aliukuta palepale, umelainika vilevile.

Kila alipoacha randa kumgeuza mama, hakuona kama anakatizwa. Mbao ilingoja. Haikufungwa wala haikumtukana.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo Mwanaiddi alilisema kwa Gaudensia. "Mumeo naye apumzike. Na wewe pia. Mtu akikaa na mgonjwa peke yake siku zote, atatafuta mlango wa kutokea, hata kama ni mbaya." Basi wakapanga. Alhamisi alasiri Gaudensia hakwenda sokoni. Alikaa na mama, na Ponsian alikwenda mazoezi ya kwaya parokiani, ambako hakuwa ameonekana kwa muda mrefu. Sauti yake ya besi ilikuwa imekauka. Wenzake walimsogezea nafasi kwenye benchi, wakamuuliza habari za mama, wakangoja jibu. Jumamosi dada yake Gaudensia alikuja kukaa na mgonjwa, na Gaudensia akalala mchana kutwa. Usingizi ndio alioutaka kuliko vitu vyote.

Kiti kilikwisha kabla mvua hazijaisha. Hakikuwa kizuri kama makabati ya zamani. Kilikuwa imara. Ponsian na Gaudensia walimbeba mama, wakamkalisha, wakamfunga kanga kifuani asiangukie mbele. Bibi Katarina aliona uwanja, kuku, na mahindi ya jirani. Hakuwa ameyaona vizuri tangu augue. Alilia, na upande mmoja tu wa uso ndio uliojikunja.

Kidonda kilichukua muda. Kwanza kiliacha kunuka. Kisha nyama mpya ikajaa taratibu, na ngozi ikafunga kuanzia pembeni. Muuguzi wa kituo alipokitazama mara ya mwisho, alisema kazi nzuri imefanyika, ila wasilegeze.

Hawakulegeza. Na kazi haikuwa nyepesi. Mashuka yalikuwa yaleyale, maji ya kuchota yalikuwa yaleyale. Siku nyingine Ponsian aliamka anatamani gemu kama mtu anavyotamani sigara. Siku hizo alimwambia mkewe asubuhi: "Leo imenishika." Gaudensia alijibu: "Haya, nitapiga simu mchana." Na alipiga.

Mtaa wa pili kulikuwa na mzee aliyevunjika nyonga. Mwanaye alikiona kiti, akaomba atengenezewe. Baada yake akaja mwingine, akitaka fremu ya mbao ya kushikilia mgonjwa anapotembea. Ponsian alifanya kazi palepale barazani. Mama yake alikaa kwenye kiti chake akimtazama. Wakati mwingine alinyoosha mkono wa kushoto kuonyesha ubao uliopinda, naye Ponsian akiupima alikuta kweli umepinda.

Alasiri moja alikuwa anapiga msasa mguu wa fremu. Kulikuwa na joto, na mji ulikuwa kimya. Mama alifungua mdomo.

"Po... nsian."

Aliweka msasa chini. "Naam, mama."

Neno la pili lilikawia. Midomo ya Bibi ilihangaika, ikafunga, ikafunguka tena. Ponsian hakumsaidia kumalizia. Alikaa tu, mikono magotini, akangoja.

"U... me... choka?"

Tangu mama augue, Ponsian alikuwa hajasikia swali lake zima.

"Ndiyo, mama. Nimechoka."

Bibi Katarina alitikisa kichwa polepole kukubali. Alihangaika tena na midomo yake, na mwanaye akangoja tena.

"Na... mimi."

Ponsian akacheka kidogo, na macho yake yakajaa machozi. Akasogeza kigoda chake karibu na kiti. Wakakaa hivyo, wote wawili wamechoka, wakitazama kuku wakichakura uwanjani. Kisha akainuka, akampitishia mama mikono kwapani, akamsogeza upande wa pili.